Ada Yangu na Kura Yangu

Swali lenu la wiki hii, kama mwanachama wa chama cha wafanyakazi nchini Kanada anaweza kuwapigia kura wahafidhina bila kuwasaliti wenzake, ni swali ninaloulizwa mara kwa mara, na pengine kwa hasira, na watu ninaokula nao chakula cha mchana. Ninafanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari mjini Windsor, mkoani Ontario. Nimekuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kwa miaka 16, na nimesimama nje ya lango la kiwanda katika baridi ya Februari wakati wa mgomo. Katika uchaguzi wa shirikisho wa tarehe 28 Aprili 2025 nilimpigia kura mgombea wa chama cha Conservative. Siamini kwamba nilimsaliti mtu yeyote, lakini naamini pia kwamba chama nilichokipa kura yangu kina deni kwa watu wa aina yangu, na deni hilo bado hakijalilipa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaanza mjadala huu tukiwa na neno moja, chama, kwa kundi la wafanyakazi na kwa kundi la wanasiasa. Kwa kizazi cha marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa bandari ya Tanga, neno hilo moja lilitosha, kwa kuwa mambo yenyewe yalikuwa yamefungwa pamoja. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, serikali ya Tanganyika ilivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi la TFL, na mahali pake sheria ikaunda NUTA, iliyofungamanishwa na TANU na ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Katibu mkuu wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo waziri wa kazi. Nililelewa nikijua kwamba anayepokea ada yako na anayeomba kura yako wanaweza kuwa watu walewale, na nadhani ndiyo sababu nilipofika Kanada, hoja ya wahafidhina ambayo wenzangu waliipuuza, kwamba ada ya lazima isigeuzwe fedha za siasa, mimi iliniingia.

Hoja hiyo inaanzia hapahapa Windsor. Tarehe 12 Septemba 1945 wafanyakazi wapatao 11,000 wa kiwanda cha Ford waligoma, na mgomo ukadumu siku 99. Mwezi Novemba waliziba barabara za kuelekea kiwandani kwa magari yaliyopangwa bampa kwa bampa, ili polisi wasipate pa kupita, na wazee wa mji huu bado wanaonyesha mahali magari hayo yalipokuwa. Mgogoro haukuhusu mshahara peke yake. Chama kilitaka kitambuliwe kwa namna itakayokihakikishia uhai, yaani kila mfanyakazi awe mwanachama na mwajiri akate ada kwenye mshahara, wakati kampuni ilikataa katakata. Suala likafikishwa kwa msuluhishi, Jaji Ivan Rand wa Mahakama ya Juu ya Kanada, ambaye Januari 1946 alitoa uamuzi wa kati: hakuna atakayelazimishwa kujiunga, lakini kila anayefaidika na mkataba uliojadiliwa na chama atalipa ada, na kwa upande wake chama kitawajibika kuzuia migomo ya kiholela, la sivyo kitaadhibiwa. Uamuzi huo, unaoitwa hadi leo kanuni ya Rand, ndio msingi wa makato yanayoonekana kwenye hati yangu ya mshahara kila baada ya wiki mbili.

Mimi naikubali kanuni ya Rand kwa moyo wote, kwa kuwa ni haki anayechota maji kisimani achangie kamba. Ndiyo maana sikukubaliana na Tim Hudak, aliyekuwa kiongozi wa wahafidhina wa Ontario, alipopendekeza mwaka 2012 kwamba ulipaji wa ada uwe wa hiari kama ulivyo katika majimbo mengi ya Marekani. Sisi wa Windsor hatuhitaji kusoma vitabu ili kujua jambo hilo maana yake nini, kwani ng'ambo ya mto iko Detroit, na mkoa wa pili kwetu, kama tuusemavyo kwa utani wa kazini, ni Michigan, ambako sheria ya namna hiyo ilipitishwa Desemba 2012 na kufutwa mwaka 2023. Hudak mwenyewe aliliacha pendekezo hilo mwanzoni mwa 2014, kisha akashindwa uchaguzi wa Juni mwaka huo.

Lakini Jaji Rand alijibu swali la meza ya majadiliano. Hakujibu swali la fedha zinazotoka mezani hapo na kwenda kwingine, na hapo ndipo ninaposimama pamoja na wahafidhina. Chama cha NDP kiliundwa mwaka 1961 kwa makubaliano kati ya chama cha kisoshalisti cha CCF na shirikisho kuu la wafanyakazi la Kanada, na kwa miaka mingi vyama vya wafanyakazi vilijiunga nacho moja kwa moja na kukichangia. Mwalimu mmoja wa chuo kaskazini mwa Ontario, Merv Lavigne, alikwenda mahakamani kupinga ada yake aliyokatwa kwa lazima kutumika kuisaidia NDP, kampeni za kupunguza silaha na wachimbaji wa makaa ya mawe waliogoma Uingereza. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ilimkatalia, ikaona kwamba chama kina uhuru wa kuamua kwa kura za wanachama wake kipi kina manufaa kwa wafanyakazi. Naiheshimu mahakama hiyo, lakini sijawahi kuridhika na jibu lake, maana mtu anayelazimishwa kuchangia kamba ya kisima hajakubali kwa kufanya hivyo kuchangia pia bendera ya anayegombea udiwani.

Wenzangu hunikumbusha, na ni kweli, kwamba tangu Januari 2007 sheria ya uwajibikaji ya serikali ya Stephen Harper, mhafidhina, imezipiga marufuku kampuni na vyama vya wafanyakazi kuvichangia vyama vya siasa vya shirikisho. Hata hivyo matangazo ya wakati wa kampeni bado yanalipiwa na ada zetu, na barua za kutuelekeza nani wa kumchagua bado zinafika nyumbani. Wala viongozi wetu hawakubaliani wao kwa wao. Desemba 2005 Buzz Hargrove, aliyeongoza chama cha wafanyakazi wa magari, alimvisha Paul Martin, waziri mkuu wa chama cha Liberal, koti la chama cha wafanyakazi wa magari mbele ya kamera. NDP ya Ontario ikamfukuza uanachama, naye akajibu kwa kukitoa chama chake chote katika ushirika na NDP. Makumi ya maelfu ya wanachama walihamishwa kisiasa kwa ugomvi wa viongozi, bila yeyote kwenye mstari wa kuunganisha magari kuulizwa amekuwa akimpigia kura nani.

Baada ya kusema hayo, sitaki msomaji adhani kwamba kila dawa iliyotolewa na wahafidhina ilikuwa dawa. Mwaka 2011 mbunge Russ Hiebert aliwasilisha muswada binafsi, C-377, uliotaka vyama vya wafanyakazi vitangaze hadharani kila matumizi yanayozidi dola 5,000. Uwazi kwa mwanachama naudai mimi mwenyewe, na sheria ya Ontario tayari inaniruhusu kuomba hesabu zilizokaguliwa za chama changu. Lakini muswada ule ulikuwa unamwonyesha mwajiri ghala letu: tuna akiba kiasi gani ya mgomo, tumemlipa wakili yupi, tunaweza kuvumilia wiki ngapi bila mshahara, ilhali mwajiri hakutakiwa kufunua chochote cha upande wake. Seneta Hugh Segal, mhafidhina wa siku nyingi, aliliona hilo, akaongoza marekebisho yaliyoupunguza makali mwaka 2013, lakini kikao cha Bunge kikaahirishwa na muswada ukarudi Seneti jinsi ulivyokuwa, ukapita tarehe 30 Juni 2015. Serikali ya Justin Trudeau iliufuta mwaka 2017, pamoja na sheria nyingine iliyolazimisha kura ya siri kabla ya chama kutambuliwa kazini. Ya kwanza sikuililia. Ya pili niliisikitikia, kwa kuwa kura ya siri inamlinda mfanyakazi dhidi ya msimamizi wake na dhidi ya mwenzake pia.

Kinachonishangaza ni jinsi wahafidhina wa Kanada walivyosahau historia yao. Mwaka 1872 wapiga chapa wa Toronto waligoma wakidai siku ya kazi ya saa tisa. Adui yao mkubwa alikuwa George Brown, mwenye gazeti la Globe na kigogo wa Liberal, na viongozi wa mgomo wakakamatwa kwa kosa la kula njama, kwa sababu sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza ilihesabu muungano wa wafanyakazi kuwa njama dhidi ya biashara. Aliyepeleka bungeni sheria ya kuhalalisha vyama vya wafanyakazi alikuwa John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza na baba wa wahafidhina wa nchi hii. Ni kweli alikuwa na hesabu zake za kura, na mwaka uleule alipitisha sheria nyingine iliyoacha adhabu kali kwa wanaosimama malangoni kuwazuia wengine wasiingie kazini. Lakini mlango ule ulifunguliwa na mkono wa mhafidhina.

Sasa mfuasi wa mtu huyo anafanya nini? Novemba 2022 serikali ya kihafidhina ya Doug Ford hapa Ontario, ambayo miezi michache kabla ilikuwa imeungwa mkono na vyama kadhaa vya wafanyakazi wa ujenzi, ilipitisha sheria iliyowawekea mkataba kwa nguvu wafanyakazi 55,000 wa shule na kuharamisha mgomo wao, ikijikinga kwa kifungu cha 33 cha Mkataba wa Haki na Uhuru ulio katika katiba ya Kanada, kinachoruhusu bunge kutunga sheria bila kujali baadhi ya haki. Watu wakatoka kazini hata hivyo, vyama vya sekta binafsi navyo vikaanza kujiandaa, na ndani ya siku chache Ford akarudi nyuma na kuifuta. Oktoba 2025 serikali ya kihafidhina ya Danielle Smith katika mkoa wa Alberta ilitumia kifungu hichohicho kuwarudisha madarasani walimu wapatao 51,000. Liberal nao hawana mikono safi, kwani mawaziri wao wamesimamisha migomo ya reli, bandari na ndege kwa kutumia kifungu cha 107 cha sheria ya kazi ya shirikisho. Lakini mimi nauliza chama changu. Mhafidhina anasema mkataba ni makubaliano ya watu huru na dola isijiingize, na uzito wote wa neno la mfanyakazi mezani uko katika uwezo wake wa kusema hapana na kuweka zana chini. Serikali inayompokonya uwezo huo na kumwandikia mshahara wake imejiingiza kuliko ruzuku yoyote ambayo wahafidhina wamewahi kuilaani.

Niliwapigia kura pamoja na hayo kwa sababu niliona mabadiliko. Mei 2024 wabunge wote wa Conservative, akiwemo kiongozi wao wakati huo, Pierre Poilievre, ambaye zamani alitetea ada ya hiari, waliunga mkono muswada C-58 unaomkataza mwajiri wa sekta za shirikisho kuajiri watu wa kuziba nafasi za waliogoma, na ukapita kwa kura 316 bila hata moja ya kuupinga. Sikuwa peke yangu. Jimbo la uchaguzi la Windsor West, lililokuwa la NDP tangu 2002, lilikwenda kwa Conservative, na jimbo jirani la Windsor–Tecumseh–Lakeshore likaenda kwao kwa kura 4 tu baada ya kuhesabiwa upya. NDP ilibaki na viti 7 nchi nzima.

Katika tawi letu niliwasilisha hoja kwamba mstari wa ada kwenye hati ya mshahara ugawanywe mara mbili, sehemu ya majadiliano na utetezi kazini, na sehemu ya siasa ambayo mwanachama anaweza kuielekeza kwenye mfuko wa mgomo. Mama mmoja Mhindi, mwakilishi wetu wa zamu ya usiku ambaye ninamheshimu sana, alisimama akasema kwamba haki ya kugoma inatolewa na kuondolewa bungeni, kwa hiyo siasa nayo ni kazi ya chama. Hoja yangu ilishindwa. Nimekaa na maneno yake, nikakubali nusu yake: chama kipige kelele bungeni kuhusu sheria za kazi, kwa ada yangu, hata dhidi ya mbunge niliyemchagua. Nimeiandika hoja upya kwa namna hiyo, na itasomwa kwenye mkutano ujao wa tawi.