Maswali na Majibu: Sikio la Kilatvia

Tangu nitaje kwamba sikio kwa Kilatvia, lugha ya Latvia kule kaskazini mwa Ulaya, ni *auss*, maswali hayakatiki. Mengi ni lilelile likiwa limebadilishwa kanzu.

Kwa nini *auss* ina s mbili mwishoni? (Msomaji, Tanga)

Ya kwanza ni ya shina, ya pili ni kiambishi. Zamani kati yao palikuwa na irabu: *ausis*. Kilatvia kimezimeza irabu fupi za mwisho. Jirani yake, Kilithuania, kimezitunza. Jicho ni *acs* kwa Kilatvia na *akis* kwa Kilithuania, usiku ni *nakts* na *naktis*. Sasa tahadhari: *ausis* ipo Kilatvia pia, ila huko ni masikio, wingi. Kwa Walithuania ni sikio moja. Na silabi ya *auss* ni moja tu, msitamke a-u kama mnavyosema "dau".

Je, *auss* na "sauti" ni ndugu? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Sauti ni Kiarabu.

Nimefundishwa kwamba *klausīties*, kusikiliza, imetokana na *auss*, maana "aus" imo ndani yake. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Si kweli, na aliyekufundisha akome. *Klausīties* ina ukoo wake mwingine, mmoja na *slušat'* ya Kirusi na hata *listen* ya Kiingereza. K ile haikubandikwa juu ya sikio. Imo kwenye mzizi tangu mwanzo. Halafu mtaniletea *Ausma*, jina la mwanamke, na *Auseklis*, nyota ya asubuhi, na *austrumi*, mashariki. Hayo yote ni ya kupambazuka. Kuna pia *aust*, kufuma nguo, nayo ina njia yake. Kwa hesabu hii ya kuchungulia herufi, siki ya kwenye kachumbari ingekuwa shangazi wa sikio.

Ndugu wa kweli wa *auss* ni *auris* ya Kilatini, *Ohr* ya Kijerumani na *ear* ya Kiingereza. Hawafanani? Ndiyo maana nawasumbua. Kilatini kiliigeuza s iliyokaa kati ya irabu kuwa r, si katika neno hili tu bali katika maneno chungu nzima, na ukoo wa Kijerumani na Kiingereza nao ukafika kwenye r kwa njia yake. Kilatvia kimebaki na s ya wazee. Undugu wa maneno hupimwa kwa mabadiliko yanayojirudia. Mwenye kutaka zaidi atafute kamusi ya asili ya maneno ya Konstantīns Karulis, iliyochapishwa Riga mwaka 1992, aache video za dakika moja.

Programu ya tafsiri imenipa *vārpa*. Nani mkweli? (Msomaji, Muscat)

Uliandika *ear*, sivyo? *Vārpa* ni suke. Waingereza wana maneno mawili yaliyogongana tahajia, la sikio na la suke, na programu ikachukua la shambani. Mswahili anayekwenda Latvia kwa kupitia London atapotea njiani, nimesema mara ngapi?

Na "sikio" letu? (Msomaji, Bukoba)

Limezaliwa na kusikia. Jina la kale la Kibantu wanalo majirani: Waganda wanasema *okutu*, Wakikuyu *gũtũ*. Na ni masikio, si "maskio".

Walatvia wanalitumiaje kila siku? (Msomaji, Kigoma)

Hedifoni ni *austiņas*, yaani visikio. Hereni ni *auskari*, vya kutundikwa sikioni. Kofia ya manyoya yenye mbawa za kufunika masikio wakati wa baridi ni *ausaine*. Aliyezama katika mapenzi amezama *līdz ausīm*, mpaka masikioni. Na asiyejua kuimba, husemwa dubu amemkanyaga sikio. Si neno dogo hilo katika nchi yenye tamasha kuu la kwaya tangu 1873. Wapolandi kwenye msemo huohuo humsingizia tembo, na sijui tembo wa Poland amewakosea nini.