Sandwichi ya Kiitaliano isiyolemea tumbo

Dada yangu, umesema unaipenda ile sandwichi ya Kiitaliano inayouzwa huko Marekani, ila ukishaila unajisikia mzito mchana kutwa. Usiiache, itengeneze mwenyewe.

Uzito hautoki kwenye mboga. Unatoka kwenye salami na mortadela (soseji nene za Kiitaliano zinazokatwa vipande vyembamba), jibini na mafuta vikirundikwa pamoja. Mortadela ina vipande vya mafuta ya nguruwe ambavyo unaviona kwa macho. Badala yake tafuta bresaola, nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa hewa, asili yake Valtellina, kaskazini mwa Italia. Haina mafuta mengi na ladha yake imekolea, kwa hiyo vipande vinne vyembamba kama karatasi vinatosha. Ukiikosa, kifua cha bata mzinga kilichookwa kinafaa.

Mkate uwe wenye ganda gumu. Upasue, unyofoe sehemu laini ya ndani. Jibini ya provolone, kipande kimoja, ile kali.

Ladha yenyewe, kwangu mimi, iko kwenye siki. Kata kitunguu chembamba, kiloweke dakika 10 kwenye siki ya zabibu pamoja na oregano, majani ya kiungo. Mafuta ya zeituni pima kwa kijiko cha chai, usimimine kutoka kwenye chupa; kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120. Weka nyanya, saladi na pilipili za siki kwa wingi. Chumvi usiongeze kabisa, nyama inayo ya kutosha. Kisha ifunge kwenye karatasi robo saa, mkate uinywe ile siki, ndipo ule.