Kikasha kinasema hewa si mbaya, mbona mwanangu anakohoa?

SWALI: Naishi Korogocho, Nairobi. Juu ya paa la shule jirani kumefungwa kikasha cha kupima hewa, na namba zake naziona kwenye simu. Juzi usiku jaa la Dandora lilifuka, moshi wa plastiki ukaingia hadi chumbani, na mtoto wangu mwenye pumu hakulala kwa kukohoa. Asubuhi simu ilionyesha manjano tu. Kikasha kimeharibika ama mimi ndiye nisiyejua kusoma?
Mama wa watatu

JIBU: Pole mama, na mtoto apate nafuu. Kazi yangu ni kupanda mapaa kufunga vikasha hivyo, na swali lako naulizwa karibu kila nikishuka ngazi. Yaelekea kikasha ni kizima. Rangi ndiyo inayokuficha mambo.

Baadhi ya programu huonyesha wastani wa saa 24. Tuseme kwa saa 21 hewa ilikuwa mikrogramu 12 za chembe laini kwa kila mita ya ujazo, kisha kwa saa tatu za usiku ikapanda hadi 150. Piga hesabu: wastani ni 29 na kitu. Kwa kipimo cha Wamarekani, ambacho programu nyingi hufuata, manjano inafika hadi 35. Lakini Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linashauri wastani wa siku usizidi 15. Kwa hiyo manjano yako huenda ni karibu maradufu ya hapo! Acha rangi, fungua grafu ya saa kwa saa.

Jambo la pili, kikasha hakina pua. Ndani mna feni inayovuta hewa na leza. Chembe zikipita, mwanga hutawanyika, na kutokana na mwanga huo kifaa hukadiria wingi wake, kisha hutuma namba kwa laini ya simu. Gesi za plastiki inayoungua leza haizioni kabisa. Tena upepo ukielekea kwako, paa la shule linaweza kubaki bila moshi.

Kuna na kosa la kinyume: asubuhi za ukungu, kama zile za Julai, matone ya maji huhesabiwa kama vumbi. Ndiyo maana mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, hulinganisha vikasha vyake na mitambo ya bei ghali na kusahihisha namba. Waulize waliofunga chenu kama nao wamefanya hivyo.

Mtoto akianza kubanwa kifua, mpe dawa yake ya kuvuta kama daktari alivyoelekeza. Usingoje simu ibadilike rangi. Grafu za usiku wa moshi zipige picha, tarehe na saa zionekane, umpelekee mwalimu mkuu. Kwa ushahidi huo mnaweza kudai kikasha cha pili, kifungwe upande wenu unaotazama mto na jaa.