Kidole hakikunji, msimamizi anataka nitie saini

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Nashona jinzi katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, nguo zote zinakwenda Marekani. Mwezi uliopita sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole cha shahada ikakatikia ndani. Hospitali walinipasua kuitoa, na mpaka leo kidole hakikunji. Msimamizi amenipa shilingi 50,000, anataka nitie saini kwamba nimeridhika. Anasema kiwanda ni cha wawekezaji wa nje, sheria ya fidia haituhusu. Ni kweli?
Msomaji, Manzese

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Usitie saini.

Anachokuambia si kweli hata kidogo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamhusu mwajiri wa Tanzania Bara, awe mzawa au mgeni, auze Kariakoo au New York. Yeye peke yake ndiye anayechangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Haruhusiwi kukukata hata senti. Ajali ikitokea, anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7. Kama amekaa kimya, nenda mwenyewe wiki hii, maana dai nalo lina ukomo wa miezi 12. Chukua cheti cha hospitali, kitambulisho cha kazi na slipu ya mshahara. Nani alizima cherehani ulipopiga kelele? Huyo ndiye shahidi wako, mwombe aandike alichokiona.

Nakusisitizia kwa sababu nakumbuka Bangladesh. Jengo la Rana Plaza, Savar, lilionyesha nyufa. Benki iliyokuwemo ikawaondoa watu wake, washonaji wakaamriwa kurudi kazini. Tarehe 24 Aprili 2013 likaporomoka, wakafa zaidi ya 1,100, na wengine wengi wakatoka wamekatwa mikono na miguu. Hawakuwa na mfuko kama wetu. Ikabidi kampuni zinazonunua nguo zichangishwe, na dola milioni 30 zilizohitajika zilitimia Juni 2015. Miaka miwili! Mtu hana mkono, ana watoto, anasubiri kampuni ya Ulaya ijisikie kutoa. Wewe haki yako imeshaandikwa, inadaiwa hapa hapa mjini.

Akikufukuza kwa kudai, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Na hicho kidole usikizoee hivyo kilivyo: rudi kwa daktari akipime, aandike ulemavu uliobaki, kwani fidia yako itakokotolewa kutokana na kipimo hicho.