Meza ya Fundi: Kabla ya kununua prosesa, fungua faili la kamera yako

Shikamoo dada fundi. Nina miaka 24, niko Mwanza, napiga na kuediti video za harusi na sendofu. Laptop yangu imechoka: nikiweka klipu kwenye Premiere, programu ya kuediti, picha inakwamakwama hata kabla sijaongeza chochote. Nimekusanya milioni tatu na nusu niunge kompyuta ya mezani, ya kazi mchana na ya gemu usiku na wenzangu, hasa mpira na mbio za magari. Monita ninayo. Kijana wa dukani amenipa orodha hii: prosesa Ryzen 7 5700X, kadi ya grafiki RTX 3060 ya GB 12, RAM GB 16 kipande kimoja, SSD ya GB 512, na kasha la kioo lenye feni sita za taa na pawa saplai ya wati 500 humohumo. Kamera yangu ni Canon EOS R6, napiga C-Log, ile picha iliyofifia ya kupakwa rangi baadaye. Ninunue? — Msomaji wa Nyegezi

Marahaba, mdogo wangu. Aliyekupa orodha hii hakukudanganya. Amempangia mtu wa gemu. Ila wewe ugali wako unatoka kwenye harusi, na ugonjwa ulioueleza mwenyewe, picha kukwama kabla hujaongeza chochote, orodha hii haitautibu.

Chukua klipu moja ya kamera yako uifungue kwa MediaInfo, ni programu ya bure. Soma mistari miwili: kina cha rangi na mgawanyo wa rangi. Utakuta biti 10 na 4:2:2, kwa sababu R6 ukiwasha C-Log inarekodi hivyo, kwa mfumo wa H.265. Ukiizima inarudi H.264 ya biti 8, 4:2:0. Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 ni ngazi 1,024, na 4:2:2 inabeba taarifa za rangi mara mbili ya 4:2:0. Ndiyo maana shela iliyopigwa chini ya taa za zambarau za ukumbini bado unaweza kuirudishia weupe wake. Lakini utajiri huo una gharama. H.265 inabana faili kwa kuandika zaidi kile kilichobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, hivyo kila unaposogeza mshale kwenye taimulaini mashine inalazimika kufumua rundo la picha ili ikuonyeshe moja.

Kufumua huko kuna sehemu yake maalumu ndani ya chipu ya grafiki, na hapo ndipo orodha yako inapokwama. RTX 3060, pamoja na sifa zake zote, haifumui H.265 ya 4:2:2. RTX 4060 nayo haifumui. NVIDIA, watengenezaji wa chipu za RTX, waliiweka kwenye familia ya RTX 50 iliyotoka 2025. Ryzen 7 5700X kwa upande wake haina grafiki ya ndani kabisa, kwa hiyo mzigo wote utawaangukia viini vinane vya prosesa. Usiku utacheza mpira bila shida, asubuhi ukifungua harusi ya Kirumba utakutana na kukwama kulekule, pengine kwa nafuu kidogo.

Intel wana kifumuzi chao, Quick Sync, ndani ya ile grafiki ndogo ya prosesa, na kwenye prosesa za mezani kimekuwa kikifumua H.265 ya biti 10, 4:2:2 tangu kizazi cha 11. Kwa sababu hiyo mimi ningekupa Core i5-13400, na ikikosekana i5-12400. Tafadhali soma jina lote kwenye boksi. Ikiandikwa 13400F, iache. Herufi F ina maana grafiki ya ndani imezimwa, nawe ndiyo unayoifuata. Maduka ya gemu huleta sana zenye F kwa kuwa mcheza gemu mwenye kadi yake hapungukiwi na kitu.

Siku ya kuunga kuna jambo moja ambalo wengi hulikosa. Bodi nyingi zikiona kadi ya RTX imechomekwa huizima grafiki ya ndani zenyewe. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka, tafuta iGPU Multi-Monitor, iwashe. Weka draiva ya Intel. Kwenye Premiere, katika mipangilio ya Media, hakikisha ufumuaji wa Intel umetiwa tiki. Kisha cheza klipu huku Task Manager ikiwa wazi: mchoro wa Video Decode upande wa Intel ukipanda na prosesa ikatulia, umefika. Nina mteja aliyehangaika miezi minne na mashine nzuri kabisa, akidhani ameuziwa kitu kibovu, na kilichokuwa kimezimwa ni hiyo swichi moja.

Njia ya pili ipo, nisiifiche. RTX 5060 inafumua 4:2:2 yenyewe, na ukiichukua hiyo hata Ryzen yako inaweza kubaki. Kinachonisitisha ni kwamba ina kumbukumbu ya GB 8 na 3060 ina 12. Unapopaka rangi klipu za 4K na kuondoa chengachenga za ukumbi wenye giza, kumbukumbu ya kadi huisha haraka, na ikiisha programu inaburura au inafunga. Kwa fedha uliyonayo nabaki na i5-13400 na 3060 ya GB 12. Bahati ikikuangukia ukapata 5060 Ti ya GB 16 kwa bei unayoiweza, ichukue, na hapo swali la Intel au Ryzen halina uzito tena.

RAM iwe GB 32, vipande viwili vya 16. Kipande kimoja kinatumia njia moja kati ya mbili ambazo prosesa imepewa, ni kama kufunga lango moja la stendi siku ya sikukuu. Tafuta bodi ya B760 inayotumia DDR4, maana zipo za DDR4 na za DDR5 zenye jina linalofanana. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye seva za akili mnemba. Kwa hiyo pesa ya feni sita za taa ihamishie huku. Feni tatu zinatosha, mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, kwenye kasha lenye wavu mbele. Kioo mbele kinaziba hewa.

SSD ya GB 512 itakujaa ndani ya wiki. R6 kwa 4K ya picha 25 kwa sekunde katika C-Log inaandika takriban megabiti 170 kila sekunde. Hiyo ni kama GB 76 kwa saa. Ukirekodi saa tatu kutoka kanisani hadi ukumbini una zaidi ya GB 220 kwa harusi moja. Chukua SSD ya aina ya NVMe ya TB 1. Usitafute zile za kasi kubwa kuliko zote. Ya kawaida ya PCIe 3.0 inasoma karibu megabaiti 3,500 kwa sekunde, na klipu yako inahitaji 21 (megabiti 170 gawanya kwa 8).

Kwenye pawa saplai nitakaa kidogo.

Mwaka 2018 nilikuwa nimekodi chumba Magomeni. Nikamuungia mteja mashine ya kuediti kwa pawa saplai iliyokuja ndani ya kasha, kama hiyo ya kwako. Alikuwa amebanwa na bajeti, nami nikakubali. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa nguvu, ikalipuka na kuondoka na bodi pamoja na diski ngumu. Ndani mlikuwa na harusi ambayo hajaikabidhi. Kadi za kamera alikwishazifuta, nakala nyingine hakuwa nayo. Baba wa bibi harusi alikuwa amefariki wiki chache baada ya sherehe, na zile ndizo zilikuwa picha zake za mwisho akicheza na binti yake. Nilikwenda na mteja wangu nyumbani kwao kuwaeleza. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, akatushukuru kwa kuja. Tangu siku hiyo sijamuungia mtu kwa pawa saplai ya bure, na anayekataa namwomba atafute fundi mwingine.

Kuitambua nzuri, usiangalie namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma lebo, tafuta ampea za laini ya volti 12, zidisha kwa 12. Nimeshika zilizoandikwa wati 500 zenye ampea 18 tu, yaani wati 216. Kadi ya 3060 peke yake inakula 170, na i5-13400 ikikaza inaweza kufika 148. Tayari ni 318 kabla ya bodi, feni na diski. Wati 650 ya kweli itakuonyesha ampea 54 hivi. Nyuma ikiwa na swichi nyekundu ya 115 na 230, irudishe: ni muundo wa zamani, na mtoto akiisogeza kwenye 115 huku imechomekwa ukutani kwetu, imeungua papo hapo. Nzuri hupokea volti 100 hadi 240 bila swichi.

Umeme wa kwako unakatika, basi UPS, boksi la betri linaloshika mashine umeme ukikatika, si anasa. VA 1,000 ya kutoa wati 600 inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Muulize muuzaji kama inatoa wimbi safi, kwa sababu baadhi ya pawa saplai za kisasa huzima ghafla zikilishwa lile wimbi la ngazingazi la UPS za bei ya chini.

Dari za kupangia fedha yako: kadi milioni moja, prosesa na bodi laki tisa, RAM na SSD laki nane, UPS laki tatu, pawa saplai laki mbili na nusu, kasha laki moja na nusu. Inabaki laki moja ya nauli na vitu vidogo. RAM ikivuka dari, tafuta 3060 iliyotumika kwa mtu unayemfahamu, kamwe usipunguze kwenye pawa saplai. Malipo ya harusi ya kwanza yanunue diski ngumu ya nje, na kadi za kamera usizifute mpaka faili zimekaa sehemu mbili.

Wakati unakusanya vifaa, kwenye laptop yako mwambie Premiere akutengenezee proksi, nakala nyepesi za klipu za kukatia. Acha itengeneze usiku umelala. Utamaliza harusi za mwezi huu bila kununua kitu.

Assalaam alaykum Bi Fundi. Mwanangu wa kidato cha tatu ameona mtandaoni kadi ya GTX 1060 mpya kwenye boksi, kwa bei chini ya nusu ya zile tulizoziona dukani. Nimnunulie? — Mzazi, Mombasa

Waalaykum salaam, baba. Mwambie asubiri. Kuna kadi za kale za mwaka 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, ambazo watu hubadilisha programu yake ya ndani ili kompyuta izitambue kama 1060 au 1050 Ti. Boksi nalo linachapishwa.

Kwanza omba picha ya upande wa kuchomeka waya wa monita. Ukiona tundu la VGA, lile la buluu la pini 15, achana nayo. Chipu ya 1060 haitoi mawimbi ya aina hiyo. Pili, kubaliana na muuzaji mkutane mahali penye kompyuta, mfungue programu ya GPU-Z. Ya kweli ya GB 6 ina viini 1,280. Ya 550 Ti iliyovalishwa joho itaonyesha 192, na GPU-Z ya miaka ya karibuni hutanguliza neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa kukutana, umeshapata jibu.

Usimkaripie kijana. Bei ya namna hiyo imewapata watu wazima wengi, na kuja kuuliza kwako kwanza amefanya vyema.

Dada, niko Muscat, nataka kumbebea mdogo wangu Unguja vifaa vya kompyuta ya kuediti. Nibebe vipi na vipi niache?

Beba vidogo vyenye thamani: prosesa, RAM, SSD na kadi ya grafiki. Kasha, monita na UPS anunue hukohuko, ni mizigo, na UPS ina betri ambayo uwanja wa ndege watakusumbua nayo. Pawa saplai unaweza kuileta bila wasiwasi, plagi ya Oman na ya Zanzibar ni ileile ya pini tatu bapa. Muulize muuzaji dhamana inaishia wapi, maana nyingi ni za nchi uliyonunulia.

Prosesa ya Intel iache ndani ya boksi lake la plastiki. Ya Ryzen ya soketi ya AM4 ina pini chini, na pini moja ikipinda utaniandikia tena. Kadi ibebe mkononi, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Na ukishawishika uunge mashine nzima hapo Muscat ndipo uisafirishe, ichomoe kadi kwanza: uzito wake njiani huivunja sloti ya bodi.