Kamba wekundu wanakufa mmoja mmoja? Acha kwanza kumwaga maji

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili ili nisikujibu kwa kukurupuka. Una tenki la kioo la lita 20 hapo Ipagala, Dodoma, lilikuwa la gapi (vile visamaki vya urembo) tangu mwezi wa sita, likipungua unajazia maji ya bomba, gapi ukawagawa ukaleta kamba wekundu 10, hawa wadogo wa urembo, kutoka Dar. Wakakaa poa kama siku tano hivi, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila akifa unamwaga nusu ya maji, na mara mbili za mwisho ukaweka maji ya kunywa ya dukani maana uliambiwa maji ya Dodoma yana chumvi. Wamebaki watatu. Unauliza kama huku kwetu hawafugiki.

Wanafugika vizuri tu. Mimi niko Nkuhungu, mwaka wa nne huu, na nimeua wengi kuliko wewe kwa hiyo usijione una mkosi. Kinachokuulia sio chumvi ya bomba, ni hiyo nusu unayomwaga, na kuna sababu ambayo mimi ilinichukua mwaka mzima kuielewa.

Anza na birika la nyumbani kwako, fungua uangalie ndani. Ule ukoko mweupe ni madini, kalsiamu na magnesiamu, maji yetu mengi yanatoka visima vya Mzakwe kule bonde la Makutupora kwa hiyo ni magumu kwa asili. Kwa chai ni kero, ila kwa kamba ni neema kwa sababu gamba lake linajengwa na kalsiamu hiyo hiyo, wenzetu wenye maji mepesi, yaani yenye madini kidogo, inabidi wanunue unga wa madini kuongezea. Hawa wekundu, wataalamu wanawaita Neocaridina davidi, asili yao vijito vya Taiwan na China, wanavumilia pH (kipimo cha asidi) ya 6.5 mpaka 8 na joto la nyuzi 18 mpaka 28 bila shida. Wale wenye mistari myekundu na myeupe unaowaona kwenye picha ni jamii nyingine, wanataka maji mepesi yenye asidi kidogo, hao kwa Dodoma wasahau kabisa usije ukalia na hela yako.

Sasa sikiliza hapa. Mwezi huu wa kumi Dodoma ni upepo na jua, hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, tenki langu la lita 40 likiwa wazi linapungua lita 3 kwa wiki. Kinachopanda hewani ni maji matupu, madini yanabaki ndani. Mimi nikawa najazia bomba kila Jumapili, kibuyu cha lita 3, naona nafanya la maana. Piga hesabu, miezi mitatu ni lita 36 nimeongeza kwenye tenki la lita 40, yaani madini yamekaribia kuwa mara mbili ya yale niliyoanza nayo na maji kwa macho ni maangavu kabisa. Nilikuja kugundua siku fundi wa vichujio vya maji alipita kazini na kile kikalamu cha kupima TDS, yaani wingi wa madini yaliyoyeyuka kwenye maji, nikamwomba anipitie nyumbani. Bomba likasoma mia tano na kitu, tenki likasoma mia tisa na ishirini. Nikashtuka, jioni ile ile nikamwaga nusu nikaweka ya bomba. Nilikuwa na kamba kama 60, ndani ya siku tano nikazika zaidi ya 20.

Ona, walikuwa wazima kwenye mia tisa, wakafa nilipowarudisha kwenye maji mazuri ghafla.

Sababu ni kujivua gamba (sio ile ya wanasiasa wetu). Kamba akikua gamba linambana, analiacha anatoka na jipya laini, anavuta maji mwilini ili alitanue kabla halijakauka. Ukibadilisha madini kwa mkupuo mwili unavuta maji kuliko kawaida na gamba linapasuka kabla ya wakati, mahali pasipotakiwa. Waangalie vizuri hao waliokufa, kama wana pete nyeupe imezunguka mwili pale kichwa kinapokutana na mkia basi ndo hiyo, alianza kuvua akashindwa kumaliza. Wewe umetoka kwenye maji mazito ya miezi minne ukawamwagia nusu tenki ya maji ya dukani ambayo ni mepesi mno, mara mbili, jamani hata mimi ningepasuka.

Kwa hiyo kuanzia leo: maji yaliyokauka rudisha kwa maji mepesi, maji uliyomwaga mwenyewe rudisha kwa bomba. Mepesi ni ya mvua au hayo ya dukani, soma lebo pale pameandikwa TDS uchukue yenye namba ndogo. Mimi natega ya mvua Januari na Februari, naacha mvua ya kwanza ioshe bati maana vumbi la Dodoma mnalijua, halafu najaza ndoo tatu zenye mfuniko zinanivusha kiangazi chote. Bati likiwa jipya kabisa usitege, zinki yake kamba hawaipendi hata kidogo. Na kumwaga kwenyewe usizidi sehemu moja ya kumi kwa wiki, kwa tenki lako ni lita 2, maji ya bomba yawe yamelala kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Usichote mchana kwenye simtank lililopigwa jua ukamimina moja kwa moja, utawapika.

Kingine ni walivyoingia. Hukusema ila nahisi uliacha mfuko uelee dakika 15 kama wa samaki ukawaachia. Mfuko ule ulikuwa na maji ya Dar, tofauti kabisa na ya kwako. Nenda famasi nunua mpira wa dripu, ule ule wa hospitali, una kile kigurudumu cha kupunguzia. Kamba weka kwenye bakuli na maji yao, ning'iniza mpira kutoka tenkini, matone mawili kwa sekunde, masaa mawili mpaka matatu. Mhudumu atakuuliza mgonjwa ni nani, mwambie ukweli acheke. Usafiri siku hizi sio tatizo, tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024 mfuko unaotoka Dar asubuhi mchana unao, zamani kwenye basi kwenye buti karibu na injini nilikuwa napokea supu.

Halafu dawa ya mbu. Hili nalisema kwa uchungu maana ndo lililonimaliza mara ya pili, na hapo nilikuwa nishajua mambo ya madini najiona profesa. Shemeji alikuja kututembelea, usiku mbu wakamzidi, akapuliza kopo zima sebuleni akafunga mlango kama inavyotakiwa. Asubuhi tenki zima chini, wamelala ubavu wamekuwa wa pinki kama waliochemshwa. Zile dawa za kuua wadudu zinaua kamba kwa kiasi kidogo sana, na pampu ya hewa inafyonza hewa ya chumbani inaisukuma mle mle kwenye maji. Sikumlaumu, angejuaje, na kamba mwenyewe ni ndugu wa wadudu. Siku hizi nimebandika karatasi ukutani, na ikilazimu kupuliza nazima pampu, nafunika kwa kioo na taulo lililolowa, nasubiri mpaka chumba kimepigwa hewa ya kutosha. Na mchicha wa sokoni wakulima wanapuliza, kwa hiyo nachemsha ule wa bustani yangu tu.

Chakula usihangaike. Wanakula utando wa kwenye majani na sponji masaa yote. Mimi naweka jani moja kavu la mpera, lililodondoka lenyewe, wanalichambua wiki mbili mpaka inabaki mishipa kama wavu. Mara mbili kwa wiki kipande cha mchicha uliochemshwa, baada ya masaa mawili natoa kilichobaki. Ukiwalisha kama kuku utaanza kuona viminyoo vyeupe kwenye kioo.

Kichujio kiwe cha sponji na pampu ndogo, basi, vya kufyonza vinameza vitoto. Umeme ukikatika masaa matatu manne na kamba hawajabanana wala usikimbie.

Kuzaliana sasa, maana najua ndo unachotaka. Jike ni mnene na mwekundu zaidi, mgongoni nyuma ya kichwa utaona kitu cha njano kama tandiko la punda, hayo ni mayai bado yako ndani. Siku akijivua gamba anaachia harufu, utaona madume yanazunguka tenki nzima kama bodaboda wamesikia abiria, watu hudhani maji yameharibika. Kesho yake mayai yako chini ya mkia, 20 mpaka 30, anayapepea muda wote na miguu ya kuogelea. Wiki tatu mpaka nne, kutegemea joto, wanatoka vitoto vya milimita 2 hivi wakiwa kamba kamili, hawana ile hatua ya kuelea baharini kama kamba wa Amano (aina nyingine ya kufugwa) ambao kwenye maji yasiyo na chumvi ya bahari hutapata mtoto hata mmoja. Hapo unahitaji mosi (ule mmea mdogo laini wa majini, "moss") nyingi vijifiche. Na gapi usiwarudishe humo, kwao vitoto ni vitafunwa. Mimi niliwahi kuchota majani bwawani nikaingiza bila kujua kiluwiluwi cha kereng'ende, nilikaa mwezi najiuliza mbona vitoto havionekani, kumbe kuna simba ndani ya zizi.

Usichanganye wekundu na bluu pia, vizazi viwili vitatu watarudi kahawia kama babu zao wa porini. Mama mkwe kutoka Tanga aliwaona hao kahawia akauliza hawa uduvi mmeweka wa nini, mafuta yako wapi.

Sasa wale watatu wako. Kwa sasa usimwage kitu, hata zile lita 2 zisubiri watulie. Maganda matupu usitoe, wanayala kurudisha kalsiamu. Funika tenki kwa kioo ukiacha upenyo, feni usiielekeze kwenye maji hata kama joto linafika 29, inapoza kweli nyuzi mbili tatu lakini inakausha maji mara mbili. Tafuta kikalamu cha TDS, andika namba ya tenki na ya bomba, uziweke hapa. Usiongeze kamba wengine mpaka wiki tatu zipite bila kifo, na katika hao watatu angalia kama kuna mwenye tandiko, maana jike mmoja na dume mmoja wakibaki huna haja ya kurudi Dar.