Kongwa: anza na udongo, majengo baadaye

Swali la wiki hii lilikuwa: "Ni mji gani katika mkoa wenu uliojengwa na kampuni, na mgeni aanzie wapi kuutazama?" Kwa mkoa wa Dodoma jibu ni Kongwa, na mgeni aanzie chini, kwenye udongo. Wengi hukimbilia kupiga picha nyumba za Wazungu, lakini nyumba hizo hazimwambii mtu kwa nini mji ulijengwa wala kwa nini wenyewe waliuacha.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni ya biashara ya Kiingereza, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mitambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikakubali: ekari zaidi ya milioni 3, kwa pauni milioni 25 hivi. Maeneo ya Tanganyika yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Kongwa ikatangulia. Kampuni ilianza kazi, kisha mwaka 1948 ikaikabidhi kwa shirika la umma, Overseas Food Corporation. Katikati ya pori pakaota karakana, hospitali, nyumba na tawi la reli kutoka Msagali.

Kufyeka kwenyewe kulikuwa vita. Katapila mbili zilivuta mnyororo wa nanga ya meli kati yao. Vichaka vikalala, mizizi ikabaki ardhini ikivunja majembe. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi kutoka Ufilipino. Mengine, yaliyoitwa Shervick, kampuni ya Vickers iliyaunda kutokana na vifaru vya Sherman. Lengo la mwaka wa kwanza Kongwa lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi sana 7,500.

Ila hata mashine zingekuwa mpya, udongo ungebaki uleule. Karanga huchanua juu na kuzaa chini: ua likishachavuka, kikonyo chembamba hurefuka, huinama na kujichoma ardhini, na ganda hukulia humo. Kinataka udongo tifutifu. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na chembe zake kali husaga chuma cha jembe. Mvua ni ya msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na hukatika wakati wowote. Ikikatika, ardhi hukaza kama saruji wakati uleule wa kung'oa: unavuta mche, vikonyo vinakatika, karanga zinabaki chini. Wagogo walikuwa wakilima karanga hapo kabla ya kampuni, lakini kwa vipande vidogo, wakitegemea zaidi mtama na uwele. Hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya kuagiza trekta hata moja.

Ukitaka kuushika ukweli huo mkononi, nenda mwishoni mwa Mei. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, chota udongo viganja viwili, lowesha kwa maji ya chupa, finyanga tonge, liache juani hadi jioni. Kisha jaribu kulivunja kwa vidole.

Mpango ulifutwa Januari 1951, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Ndipo uende kwenye majengo, ukijua unachotazama. Sehemu ya nyumba zilizoachwa ilitumiwa na shule ya watoto wa Kizungu iliyofungwa mwaka 1958. Ardhi iliyokwishafyekwa ikafaa malisho, na ranchi ya Kongwa ipo hadi leo, ikijulikana kwa ng'ombe wa Boran. Pitia ofisini kwanza kabla ya kuingia. Reli iling'olewa, lakini jengo la stesheni lililotelekezwa ndilo lililowapokea wapiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, mwaka 1964. FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe nao walikuwa na kambi Kongwa. Makaburi ya wapigania uhuru yapo. Usiondoke bila kufika, na ufike na mwenyeji.

Kutoka Dodoma, panda basi la Morogoro na ushuke Mbande, barabara ya Kongwa na Mpwapwa inapochepukia. Ukibaki na nusu siku, endelea na barabara kuu hadi soko la nafaka la Kibaigwa, uone malori yakipakia mahindi.